Riwaya bila darasa: kisa cha Tucson

Sheria ya jimbo la Arizona, Marekani, iliyopewa namba HB 2281 na kukataza shuleni baadhi ya masomo yanayohusu asili za watu, haitaji riwaya hata moja. Haitaji mwandishi, mji wala shule. Gavana Jan Brewer aliitia saini Mei 11, 2010, ikaanza kutumika Desemba 31 mwaka huohuo. Kufika mwisho wa Januari 2012, madarasa ya fasihi ya Wamarekani wenye asili ya Mexico katika sekondari za Tucson yalikuwa yamefungwa, na riwaya zilizosomwa humo zilikuwa zimewekwa kando. Uongozi wa wilaya ya shule ulitoa taarifa kwamba hakuna kitabu kilichopigwa marufuku. Kwa maana finyu ulikuwa unasema kweli, na hapo ndipo uchambuzi huu unapoanzia.

Wanaojadili namna Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanavyochorwa katika hadithi za watoto na vijana huko Marekani hutazama zaidi upande wa wachapishaji: vimetoka vitabu vingapi, na vya nani. Takwimu zipo. Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, kwa kifupi CCBC, kinahesabu vitabu vya Walatino tangu 1994. Katika vitabu 3,200 hivi kilivyopokea kwa mwaka 2013, 57 vilihusu Walatino na 48 viliandikwa au kuchorwa nao. Hiyo haifiki asilimia 2, ilhali takriban robo ya wanafunzi wa shule za umma nchini humo walikuwa Walatino. Uhaba huo ni wa kweli. Lakini Tucson inatuonyesha tatizo jingine ambalo hesabu ya CCBC haiwezi kulipima: riwaya imeshaandikwa, imeshachapishwa, imeshanunuliwa, iko kabatini, na bado haimfikii yule ambaye ingemfaa.

Mji na somo lenyewe

Tucson ipo kusini mwa Arizona, kilomita 100 hivi kutoka mpaka wa Mexico. Eneo hilo lilikuwa la Mexico mpaka Ununuzi wa Gadsden, mkataba uliotiwa saini Desemba 1853 na kukamilishwa mwaka uliofuata, Marekani ikilipa dola milioni 10. Zipo familia mjini humo ambazo hazikuhama kutoka popote. Mpaka ndio uliosogezwa ukazipita. Jambo hili lina uzito katika fasihi. Hadithi inayomchora kila mtoto mwenye jina la Kihispania kama mhamiaji aliyeshuka juzi, anayejifunza Kiingereza na kuogopa polisi wa mpaka, inaweza kuwa kweli tupu kwa mtoto mmoja na uongo kwa jirani yake wa dawati.

Wilaya ya shule ya mji huo, TUSD, ina wanafunzi wengi Walatino kuliko kundi jingine lolote, na tangu 1974 ilikuwa mahakamani kwa madai ya kutenga wanafunzi kwa misingi ya rangi na asili. Mwaka 1998 ilianzisha idara ya masomo ya Wamarekani wenye asili ya Mexico. Idara hiyo ilitoa madarasa ya historia, siasa, sanaa na fasihi. Yalikuwa ya hiari, mwanafunzi wa asili yoyote aliweza kujiandikisha, na darasa la fasihi lilihesabiwa kama alama za Kiingereza zinazohitajika ili kuhitimu. Hilo la mwisho lisipitwe haraka. Kijana hakulazimika kubaki baada ya masomo, wala kujiunga na klabu, ili asome riwaya ya Kilatino. Aliisoma kama sehemu ya Kiingereza chake cha kawaida, ikapewa maksi, ikaingia kwenye cheti.

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea kitabu kupata ithibati ya taasisi moja ya kitaifa, TIE kwa Tanzania au KICD kwa Kenya, kisha kutumika nchi nzima. Marekani haina chombo cha namna hiyo. Jimbo huweka viwango vya jumla, bodi ya wilaya iliyochaguliwa na wananchi huidhinisha masomo na vitabu, na mwalimu huongeza vya ziada kadiri bodi inavyomruhusu. Uhuru huo ndio uliowezesha Tucson kuwa na somo ambalo mji wa jirani haukuwa nalo. Ndio pia uliomwezesha afisa mmoja wa jimbo kulilenga somo hilo peke yake.

Kutoka hotuba hadi sheria

Aprili 2006 Dolores Huerta, mwanaharakati mkongwe wa wafanyakazi wa mashambani, alizungumza katika sekondari ya Tucson High na kusema kwamba chama cha Republican kinawachukia Walatino. Tom Horne, msimamizi wa elimu wa jimbo na mwanachama wa chama hicho, akamtuma naibu wake, ambaye alikuwa Mlatino, aende kujibu. Baadhi ya wanafunzi walisimama, wakampa mgongo, wakatoka ukumbini. Mwaka 2007 Horne aliwaandikia wananchi wa Tucson barua ya wazi akitaka idara ifutwe. Bodi haikuifuta, naye akalipeleka suala hilo katika bunge la jimbo.

Sheria iliyopatikana inakataza masomo ya aina nne: yanayohimiza kupinduliwa kwa serikali ya Marekani, yanayochochea chuki dhidi ya watu wa rangi au tabaka fulani, yaliyotungwa hasa kwa ajili ya wanafunzi wa asili moja, na yanayotetea mshikamano wa watu wa asili moja badala ya kumchukulia mwanafunzi kama mtu binafsi. Adhabu yake ni kuzuiwa hadi asilimia 10 ya ruzuku ya jimbo kwa wilaya. Ndani ya sheria kuna kipengele kinachosema haizuii kufundisha historia ya ukandamizaji wa kundi lolote. Katika utekelezaji kipengele hicho hakikumsaidia mtu.

Horne alitangaza kwamba Tucson imevunja sheria siku alizokuwa akiondoka ofisini kwenda kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Mrithi wake, John Huppenthal, aliajiri kampuni ya ukaguzi kwa zaidi ya dola 100,000. Wakaguzi wakaingia madarasani, wakasoma mitaala, na Mei 2011 wakaripoti kwamba hawakuona ushahidi wa sheria kuvunjwa. Mwezi uliofuata Huppenthal akatangaza kwamba imevunjwa. Desemba 27, 2011 jaji wa masuala ya kiutawala akakubaliana na jimbo. Siku chache baadaye Huppenthal akaamuru asilimia 10 ianze kukatwa, fedha zilizokadiriwa kukaribia dola milioni 15 kwa mwaka. Januari 10, 2012 bodi ya wilaya ikapiga kura 4 kwa 1 kuyasimamisha masomo. Kura ya kupinga ilikuwa ya Adelita Grijalva.

Ni rahisi kuilaumu bodi. Lakini darasa la fasihi lilikuwa la wanafunzi wachache kati ya makumi ya maelfu, na milioni 15 ni mishahara, mabasi na hita za shule zote. Sheria ilitungwa hivyo makusudi: inayoadhibiwa ni wilaya nzima, ili wazazi wasiohusika na somo wawe wa kwanza kulalamika.

Vitabu vilitokaje darasani

Hapa ndipo habari nyingi za wakati ule zilipochanganya mambo mawili.

La kwanza ni vitabu saba. Viliorodheshwa kwa sababu vilitajwa kwenye shauri la jimbo, vikakusanywa madarasani, katika baadhi ya madarasa wanafunzi wakiwa wamekaa wanatazama, vikatiwa kwenye maboksi na kupelekwa ghalani. Kati yao ulikuwamo utafiti wa Rodolfo Acuña wa historia ya Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico, na kitabu cha Paulo Freire kuhusu elimu ya wanaokandamizwa. Hakuna hata kimoja kati ya saba ambacho ni riwaya. Wilaya ilieleza kwamba nakala zake zilibaki katika maktaba za shule.

La pili ni orodha ya somo, iliyokuwa na majina zaidi ya 50. Humo ndimo zilimokuwa riwaya na hadithi fupi: *The House on Mango Street* ya Sandra Cisneros, *Bless Me, Ultima* ya Rudolfo Anaya, *Mexican WhiteBoy* ya Matt de la Peña. Hizi hazikuhitaji maboksi. Somo lilipofutwa, ziliondoka zenyewe, kwa hatua ambazo kila moja ikitazamwa peke yake inaonekana ya kawaida kabisa.

Kwanza hufutwa namba ya somo kwenye ratiba. Bila namba hakuna kipindi, na bila kipindi hakuna bajeti ya kununua nakala. Riwaya ya darasani hununuliwa kwa seti, nakala 30 hadi 35 kwa darasa moja, pamoja na chache za akiba kwa zitakazopotea au kuchanika. Seti ikishakosa somo, huwekwa stoo, na vitabu vya stoo huwa vya kwanza kuhesabiwa kama chakavu mwaka wa fedha unapofungwa.

Maktaba haiwezi kufidia. Tuseme shule ina nakala mbili za riwaya moja na muda wa kuazima ni wiki mbili. Wanafunzi 30 wakitaka kuisoma kwa zamu, itachukua wiki 30, na mwaka wa masomo wa Marekani una wiki 36. Hata hapo kila mmoja atakuwa ameisoma peke yake, wakati mwenzake ameshaisahau. Wilaya iliposema "vipo maktaba" ilikuwa imebadilisha kusoma pamoja kukawa kusoma mtu mmoja mmoja. Kwa riwaya inayogusa aibu za nyumbani, umaskini, au baba aliye gerezani, kuisoma na darasa ndiyo nusu ya faida yake. Kijana anagundua kwamba mwenzake wa safu ya nyuma naye amecheka palepale.

Hatua ya tatu haina karatasi. Walimu wa programu walipewa madarasa ya kawaida na kuambiwa waepuke kufundisha kwa mtazamo wa somo lililofutwa. Mwalimu wa fasihi Curtis Acosta aliuliza kama anaweza kuendelea na *The Tempest* ya Shakespeare, ile tamthilia ambayo Samuel Mushi aliwapa wasomaji wa Kiswahili kwa jina la *Tufani* mwaka 1969. Ushauri aliopewa ulikuwa kukaa mbali na mada za rangi, asili na ukandamizaji. Sasa mtu amfundishe vipi Caliban, yule mwenyeji wa kisiwa aliyefanywa mtumwa katika tamthilia hiyo, bila hayo? Hakuna aliyeipiga marufuku *The Tempest*, wilaya ilisema kwa haraka, na ni kweli. Kilichozuiwa kilikuwa maswali ambayo yangemfanya mwanafunzi aifungue.

Baada ya hapo woga humaliza kazi. Mwalimu wa Kiingereza ambaye hakuwahi kuwa kwenye programu anafikiria kuweka riwaya ya Kilatino katika muhula wake. Anajua kwamba akikosea, adhabu haitamwangukia yeye bali wilaya. Anachagua kitabu kingine. Uamuzi huo hauandikwi popote, hauwezi kukatiwa rufaa, wala hauhesabiki katika takwimu za vitabu vilivyopingwa.

Riwaya iliyokuwa katikati

Tuitazame *Mexican WhiteBoy* kwa karibu, maana inaonyesha upungufu wa sheria hii kuliko hoja yoyote ya kisheria. Ilitoka 2008 kwa ajili ya vijana. Danny Lopez ana miaka 16, baba yake ni wa asili ya Mexico, mama yake ni mzungu mwenye nywele za dhahabu. Shuleni kwake, shule binafsi kaskazini mwa San Diego, ndiye mweusi wa kundi. Likizo anakwenda kwa ndugu za baba huko National City, kilomita chache kutoka mpakani, na kule ndiye mweupe. Hajui Kihispania, mazungumzo ya wakubwa yanampita. Anaamini baba aliondoka kwenda Mexico kwa sababu ya ule weupe wa familia. Anarusha mpira wa besiboli kwa kasi ya kutisha, lakini mbele ya watu hawezi kuulenga. Rafiki anayempata, Uno, ana baba mweusi na mama wa Kimexico, na ana matatizo yake yasiyofanana na ya Danny.

Jimbo liliihusisha riwaya hii na nadharia ya uhakiki wa masuala ya rangi, ile inayodai kwamba ubaguzi umejengeka ndani ya sheria na taasisi. Isomwe kando ya kipengele cha nne, kile kinachokataza mshikamano wa asili badala ya kumwona mwanafunzi kama mtu binafsi. Danny ni mtu binafsi kupita kiasi. Kila kundi linalotaka kumbeba linamwacha nje kidogo. Mshikamano wa asili ndicho kitu ambacho riwaya inakikagua, na haikikuti kikiwa rahisi. Kama kuna kitabu kinachotii kipengele cha nne, ni hiki.

Ukiitazama kama kazi ya kuwachora Walatino kwa wasomaji vijana, ubora wake upo katika mambo madogo yanayoweza kuorodheshwa na mhariri yeyote. Mahali ni mahali: mji wenye jina na umbali wake kutoka mpakani, hakuna "mtaa wa Walatino" usio na jina. Tabaka lina sura: kijana yuleyule anaonja shule ya karo upande mmoja na ajira za vibarua upande mwingine. Lugha haigawiwi sawa kwa kila mhusika. Wa kizazi cha bibi anayo, wa kizazi cha mjukuu hana, na aibu ya kutokuwa nayo ni sehemu ya hadithi. Na jambo analolitafuta Danny, yaani kurusha mpira vizuri na kumjua baba yake, lingekuwapo hata kama angekuwa na jina jingine, ingawa lisingeonekana vile.

Katika vitabu vinavyofeli, hayo hugeuzwa. Bibi anapika, anasema neno moja la Kihispania na mara hiyohiyo mwandishi anatupa maana yake, mhusika anavuka mpaka au anamsubiri aliyevuka, mwisho mwalimu mwema anamwokoa. Chakula na sikukuu zinafanya kazi ambayo zingefanya tabia na uamuzi wa mhusika. Mkosi wa hadithi za namna hii ni kwamba zinapita kila ukaguzi. Hazimchukizi mtu, zinahesabiwa katika zile 57, na mtoto wa Tucson akizisoma hajikuti humo.

Kwa mwalimu, *The House on Mango Street* ina faida ya kiufundi ambayo wahakiki huisahau: sura zake ni fupi mno, nyingi za ukurasa mmoja hadi mitatu. Darasa la dakika 50 linaweza kusoma sura moja kwa sauti, kuijadili, na kuandika aya ya kuigiza mtindo wake. Kwa mwanafunzi asiyewahi kumaliza kitabu, sura 44 fupi ni ngazi ya vipandio 44. Ilichapishwa kwanza 1984 na Arte Público Press ya Houston, iliyoanzishwa 1979 na Nicolás Kanellos, baada ya hapo ndipo wachapishaji wakubwa wa New York walipoichukua. Mwaka 1994 Arte Público ikafungua tawi la vitabu vya watoto na vijana, Piñata Books. Wachapishaji wadogo wa namna hiyo huishi kwa oda za shule, na oda ya seti za madarasa matano ya wilaya moja kwao ni fedha inayoonekana. Somo linapofutwa Tucson, mchapishaji wa Houston anahisi kabla hata mwandishi hajasikia.

Tuzo ni njia tofauti. Tuzo ya Pura Belpré, iliyopewa jina la mkutubi kutoka Puerto Rico aliyeanza kazi katika maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, hutolewa tangu 1996 kwa vitabu vya watoto na vijana vinavyoakisi maisha ya Walatino. Hufungua milango ya maktaba, hasa kwa wasomaji wa miaka 8 hadi 12, ambao hadithi zao huchaguliwa na wakutubi na wazazi. Kwa kijana wa miaka 15 au 16 mlango mkubwa ni mwalimu wa Kiingereza. De la Peña alipata medali ya Newbery, tuzo kubwa ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 2016 kwa kitabu cha picha, miaka minne baada ya riwaya yake kutoka madarasani Tucson. Medali haikurudisha seti hata moja.

Msafara na mahakama

Machi 2012 kundi lililojiita Librotraficante, yaani mlanguzi wa vitabu, likiongozwa na mwandishi Tony Diaz, lilitoka Houston kwa basi, likapita San Antonio, El Paso na Albuquerque, likafika Tucson na shehena ya vitabu. Njiani liliacha maktaba ndogo za jamii. Mwezi huohuo de la Peña alifika Tucson High, alikokuwa amealikwa, akazungumza na wanafunzi na kuwagawia nakala za riwaya yake. Kama habari, msafara ulifanikiwa sana. Uliiweka Tucson katika magazeti ya taifa. Kama njia ya kusomesha riwaya, ulikuwa na kasoro ileile ya maktaba: ulitoa nakala, haukuweza kutoa kipindi.

Kesi ya kuipinga sheria ilifunguliwa na walimu Oktoba 2010, wanafunzi wakaungana nao baadaye. Mwaka 2013 Jaji A. Wallace Tashima aliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, akifuta kipengele cha tatu tu. Julai 2015 mahakama ya rufani ilikubaliana naye kuhusu kipengele hicho, lakini ikarudisha swali kuu lisikilizwe kwa ushahidi: je, sheria ilitungwa na kutekelezwa kwa chuki ya rangi? Kati ya usikilizwaji wa kwanza na wa pili kulikuwa kumetokea jambo ambalo hakuna wakili angeweza kulipanga. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba Huppenthal, akiwa afisa wa umma, alikuwa akiandika maoni kwenye mitandao kwa majina ya bandia, yakiwamo maoni ya kutaka kusiwe na redio wala mabango ya Kihispania.

Agosti 22, 2017 Tashima aliamua kwamba sheria ilitungwa na kutekelezwa kwa sababu za kibaguzi na kwa faida ya kisiasa, kinyume cha Marekebisho ya Kwanza na ya 14 ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kujieleza na usawa mbele ya sheria. Alitaja maoni yale ya mtandaoni, na maneno kama "Raza" (Kihispania, watu wa asili moja) na "Aztlán" (nchi ya asili ya Waazteki katika visasili) yaliyotumiwa na maafisa kama fumbo la kuwatia watu hofu. Alibainisha pia kwamba masomo ya makundi mengine ya wilaya hiyohiyo hayakuguswa. Desemba 27, 2017 akatoa zuio la kudumu. Jaji huyo mwenyewe, Mmarekani wa asili ya Japani, utotoni alizuiliwa na familia yake katika kambi ya Poston, Arizona, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Anayetafuta hoja ya kifasihi katika hukumu ile ataikosa kwa sehemu kubwa. Walimu na wanafunzi hawakushinda kwa sababu riwaya zilikuwa nzuri. Walishinda kwa sababu ya nia ya waliozifuta. Kama Huppenthal asingeandika mtandaoni, pengine mambo yangekwenda vingine.

Ushahidi mwingine ulikuwa wa shuleni. Nolan Cabrera na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walichambua rekodi za wilaya na kuchapisha matokeo Desemba 2014. Waliojiunga na masomo haya walikuwa wameingia wakiwa na alama za chini kuliko wenzao; hata hivyo uwezekano wao wa kufaulu mitihani ya jimbo na wa kuhitimu ulikuwa juu zaidi kuliko wa wanafunzi wanaofanana nao ambao hawakujiunga. Ni matokeo ya programu nzima, walimu wake na historia yake humo. Kuyabeba kama uthibitisho kwamba riwaya fulani huongeza ufaulu ni kuyatwisha mzigo usio wao.

Kilichorudi

Ushindi ulichelewa kwa hesabu za shule. Aliyekuwa na miaka 16 Januari 2012 alikuwa na 21 au 22 hukumu iliposomwa. Mkurugenzi wa programu hakuongezewa mkataba Aprili 2012, Acosta aliondoka mwaka uliofuata, na pamoja nao yaliondoka maandalio ya masomo, maswali ya majadiliano, na ujuzi wa kujua ni sura ipi usiisome siku ya Ijumaa. Chini ya amri ya mahakama ya kuondoa ubaguzi, iliyotokana na ile kesi iliyoanza 1974, wilaya ilianzisha masomo mapya ya utamaduni mwaka 2013, na Oktoba mwaka huo bodi ikaruhusu vile vitabu saba vitumike kama vya ziada. Horne naye alirudi. Alichaguliwa tena kuwa msimamizi wa elimu wa jimbo Novemba 2022.

Kwa anayesimamia vitabu popote, sehemu ya kisa hiki inayofaa kunakiliwa ni ya makaratasi. Hata wakaguzi walioisafisha programu walikosoa namna wilaya ilivyosimamia mitaala yake, na upungufu huo uliwapa wapinzani pa kushika. Riwaya ikiingia darasani, iwe na muhtasari wa kikao cha bodi kilichoiidhinisha, ukionyesha tarehe na kura. Iwe na ukurasa mmoja wa mwalimu unaosema inatimiza kiwango gani cha lugha na kwa nini kitabu hiki na si kingine. Isiwekwe katika somo moja tu. Seti ya nakala 30 iliyosajiliwa kwenye Kiingereza cha kawaida cha mwaka wa tatu ni ngumu kuing'oa kuliko seti tano zilizosajiliwa kwenye somo lenye jina la kundi, kwa sababu namba ya somo la kawaida haifutwi kwa kura 4 kwa 1. Gharama yake ni kwamba riwaya itafundishwa na walimu wengi wasioijua vizuri, na baadhi watageuza hadithi ya Danny kuwa maonyesho ya chakula cha Kimexico. Mwongozo wa kurasa nne au tano kwa mwalimu hupunguza hilo. Mafunzo ya siku moja hulipunguza zaidi, pale fedha inapopatikana.